Mama, Si Kila Kitu Huuzwa kwa Simu

  Leo tunazungumza juu ya biashara ya simu.

Siku hizi mama aliye Ekalakala au Kivaa anaweza kupiga picha ya kiondo chake na kupata mnunuzi wa Nairobi kabla ya jioni. Hilo ni jambo jema. Lakini ziko bidhaa zisizofaa kutangazwa hivyo, na baadhi yake zinaweza kumdhuru mtoto wa mwenzako.

Kwanza ni dawa. Mtoto amemaliza siku alizoandikiwa, na chupa ya dawa ya maji imebaki nusu. Usiiuze. Hapa Kenya dawa huuzwa na wenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa ya unga iliyochanganywa na maji huharibika baada ya siku chache, na kipimo cha mtoto mmoja huenda kisimfae mwingine. Uliza kituo cha afya namna ya kuitupa.

Pili ni maziwa ya kopo, chupa za kunyonyeshea na chuchu bandia. Sheria ya mwaka 2012 inakataza kuvitangaza kwa umma. Duka linaweza kuviuza, lakini si kuwavutia akina mama kwa matangazo, zawadi au bei ya kupunguzwa. Sababu ni kwamba mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Chupa ni ngumu kusafisha, na chupa chafu huleta kuhara. Tena kopo lililofunguliwa, mnunuzi hajui limewekwa wapi.

Tatu ni krimu za kung'arisha ngozi. Zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Huwezi kuiona wala kuinusa ndani ya krimu. Kwa hiyo, ikiwa kopo halionyeshi viungo vyake wala alama ya ubora ya KEBS, usilinunue na usiliuze.

Nne, kila soko la mtandaoni lina masharti yake. Facebook Marketplace, kwa mfano, hairuhusi dawa, tumbaku, pombe wala wanyama hai. Mbuzi wako mpeleke sokoni! Wengine hubadilisha jina la bidhaa ili tangazo lipite. Hilo halisaidii. Tangazo huondolewa, na ukirudia unaweza kufungiwa akaunti, ukapoteza hata wateja wa viondo.

Basi fanya hivi. Soma masharti kabla ya kutangaza. Andika jina halisi la bidhaa na hali yake. Tangazo likikataliwa, usilirushe tena upesi; soma sababu kwanza. Ukiona limekataliwa kimakosa, omba likaguliwe upya.

Ukiwa na shaka, jiulize: kama ningekipata kitu hiki kwa mtu nisiyemjua, ningempa mwanangu? Ikiwa jibu ni hapana, usikiuze.

 Mweleze na jirani yako.