UZI: Maji ya Nairobi ni ya nani?

Kila msimu wa siasa utasikia: "Maji ya Murang'a yalipiwe!" Halafu kuna mtu wa Olympic ambaye bomba lake limekauka, anajiuliza hayo maji yenyewe yanapitia wapi. Tuelewane kidogo.

Mvua inanyesha Aberdare, mito inateremka, bwawa la Ndakaini kule Murang'a linahifadhi hadi lita bilioni 70. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka hapo. Ile Nairobi Dam iliyo chini ya Kibera, ya 1953, siku hizi ni matope na magugu.

Sasa, ni ya nani? Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kaunti kazi yake ni kusambaza. Anayesema "ni yetu peke yetu" anakuuzia maneno. Lakini Murang'a wana hoja: Sheria ya Madini, pia ya 2016, inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii 10. Ya Maji haina mgao kama huo.

Swali ambalo jukwaani haliulizwi: mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, lita 1,000 ni shilingi 250. Mwenye mita ya maji mtaa wa kitajiri halipi hivyo! Hata Ndakaini ijae pomoni, hiyo bei haishuki. Kwa hivyo akija kuomba kura Olympic, muulize: vali ya huku hufunguliwa na nani, siku gani?