Uganda: Kwa nini kima cha chini cha mshahara kimebaki shilingi 6,000 tangu 1984

Mwajiri nchini Uganda anayemlipa mfanyakazi wake shilingi 6,000 kwa mwezi hajakiuka kima cha chini cha mshahara. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1984 na hakijarekebishwa tangu wakati huo, ilhali kwa thamani ya sasa hakifiki hata dola 2 za Marekani. Kwa vitendo hakimwongozi mtu yeyote. Mshahara wa mfanyakazi wa kiwandani, wa shambani au wa nyumbani hutegemea makubaliano kati ya anayetafuta kazi na anayeitoa, na mara nyingi wa pili ndiye mwenye neno la mwisho.

Jambo hili haliwahusu raia wa Uganda peke yao. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inawawezesha raia wa nchi wanachama kutafuta kazi katika nchi nyingine za jumuiya. Zaidi ya hayo, Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa fursa ya kufanya kazi. Hivyo, anayevuka mpaka kwenda kutafuta riziki Kampala, Mbarara au Jinja huingia katika soko la ajira ambalo halina sakafu ya mshahara.

Kiwango kilichomezwa na bei

Mwaka 1984, wakati wa serikali ya pili ya Milton Obote, uchumi wa Uganda ulikuwa umedhoofishwa na miaka mingi ya machafuko. Bei za bidhaa zilikuwa zikipanda kwa kasi, na katika miaka michache iliyofuata mfumuko wa bei ulizidi asilimia 100 kwa mwaka. Mshahara uliotajwa kwa tarakimu maalumu, bila utaratibu wa kuurekebisha, haungeweza kudumu katika hali hiyo. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili liliisha mapema.

Mwezi Mei 1987 serikali ya Rais Yoweri Museveni, iliyokuwa imeingia madarakani mwaka uliotangulia, ilibadilisha sarafu. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na wenye fedha walitozwa asilimia 30 wakati wa kuzibadilisha. Kama kipimo hicho kingetumika kwa kima cha chini cha mshahara, shilingi 6,000 za mwaka 1984 zingekuwa shilingi 60 tu za sarafu mpya. Katika mijadala ya leo tarakimu 6,000 ndiyo hutajwa, lakini hesabu hiyo inaonyesha jinsi kiwango hicho kilivyotengana na maisha ya mfanyakazi muda mrefu uliopita.

Kodi inasimulia habari nyingine

Serikali hiyo hiyo ina kipimo kingine cha kipato duni. Tangu mwaka 2012, mshahara usiozidi shilingi 235,000 kwa mwezi ulisamehewa kodi ya mapato, kwa maana kwamba anayepata kiasi hicho hana ziada ya kukatwa. Kizingiti hicho ni karibu mara 39 ya kima cha chini cha mshahara. Kwa maneno mengine, sheria ya kodi inamwona mtu wa shilingi 235,000 kuwa maskini mno asitozwe, huku utaratibu wa mishahara ukiona shilingi 6,000 kuwa malipo yanayotosha mwezi mzima.

Pengo kati ya tarakimu hizo mbili halitokani na ukosefu wa sheria. Uganda inayo sheria ya mwaka 1957 kuhusu bodi za ushauri za kima cha chini na mabaraza ya mishahara. Chini ya sheria hiyo, waziri huteua bodi, bodi huchunguza hali ya mishahara na kutoa mapendekezo, kisha waziri hutangaza kiwango kwa amri. Aidha, mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, nchi hiyo iliridhia Mkataba namba 26 wa Shirika la Kazi Duniani, unaozitaka nchi kuwa na chombo cha kupanga kima cha chini pale ambapo mishahara ni midogo sana na wafanyakazi hawana njia madhubuti ya kujadiliana.

Bodi iliteuliwa mwaka 2015, na ikapendekeza shilingi 136,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kilikuwa bado chini ya kizingiti cha kodi, lakini hakikutangazwa. Bunge nalo lilijaribu njia nyingine. Tarehe 19 Februari 2019 lilipitisha muswada ulioletwa na Arinaitwe Rwakajara, mbunge aliyewakilisha wafanyakazi, wenye lengo la kuweka viwango kulingana na sekta. Mwezi Agosti mwaka huo ilibainika kwamba Rais Museveni amekataa kuutia saini, kwa hoja kwamba sheria iliyopo inatosha. Kwa hiyo sheria iliyopo ikabaki, na kiwango kilichopo kikabaki pamoja nayo.

Hoja ya wanaosita

Wanaopinga kupandisha kiwango wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Uganda haina bahari. Malighafi na mitambo hupita bandari za Mombasa au Dar es Salaam na kusafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita elfu moja. Mwekezaji anayelinganisha nchi huona gharama hiyo ya usafiri, kisha hutafuta mahali pa kuifidia. Mshahara mdogo huonekana kuwa ndiyo fidia yenyewe. Ukipanda, wasema hao, kiwanda kitahamia kwingine au kitanunua mashine.

Hofu ya mashine ina mfano hai nchini Kenya. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, mishahara hupangwa kwa mikataba kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Kadiri malipo ya wachumaji yalivyopanda, kampuni zilizidi kuleta mashine za kuchuma chai, kila moja ikifanya kazi ya watu wengi. Mwezi Mei 2023 hasira ilifikia hatua ya mashine kuchomwa moto. Wachumaji waliopoteza kazi walijifunza kwamba mshahara mzuri haumfaidi mtu ambaye hayumo tena kwenye orodha ya malipo.

Hoja ya pili ni kwamba watu wengi nchini Uganda hawana mwajiri rasmi. Hulima mashamba yao, huuza sokoni, huendesha bodaboda au hufanya vibarua vya siku. Amri ya mshahara haiwafikii moja kwa moja, na wakaguzi wa kazi ni wachache mno kuweza kuzunguka kila karakana.

Mshahara mdogo si lazima uwe gharama ndogo

Hata hivyo, mwajiri hanunui siku za mfanyakazi tu. Hununua kile kinachozalishwa ndani ya siku hizo. Chukulia karakana mbili za kushona mashati. Ya kwanza humlipa fundi shilingi 156,000 kwa mwezi, naye hushona mashati 10 kwa siku, yaani 260 katika siku 26 za kazi. Kila shati limegharimu shilingi 600 za ufundi. Ya pili humlipa fundi shilingi 234,000, lakini kwa kuwa amefunzwa vizuri, anakula vya kutosha na hafikirii kuhama, hushona mashati 20 kwa siku, yaani 520 kwa mwezi. Kila shati limegharimu shilingi 450. Mwenye mshahara mkubwa ndiye mwenye gharama ndogo.

Uwiano huo kati ya malipo na tija ndio wachumi huuangalia wanapopima gharama ya kazi. Ethiopia imetoa funzo lake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walieleza kuwa mshahara wa kuanzia katika viwanda vya nguo vya eneo la Hawassa ulikuwa dola 26 kwa mwezi, mdogo kuliko wa nchi nyingine yoyote inayoshona nguo za kuuza nje. Matokeo yake hayakuwa yale waliyotarajia wawekezaji. Vijana wa kike waliotoka vijijini walishindwa kulipa kodi ya nyumba na chakula, wakaacha kazi kwa wingi, na viwanda vikawa vinafunza wapya kila mara. Bei ndogo ya mkono wa mfanyakazi ililipwa tena kwa njia ya uzalishaji hafifu.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wa Uganda. Swali la kuamua si kama mshahara uwe mdogo au mkubwa. Linalohitaji kuamuliwa ni nani akae mezani kupanga kiwango, atumie takwimu gani, na akirekebishe baada ya muda gani. Kiwango kikubwa kinachowekwa ghafla kinaweza kufunga karakana ndogo, lakini kiwango kisichoguswa kwa miongo minne kimeacha kuwa kiwango.

Jirani wanafanyaje

Tanzania na Kenya hazijatatua kila tatizo, lakini zina utaratibu unaofanya kazi. Amri ya mishahara ya Tanzania iliyoanza kutumika Januari 2023 iligawa viwango kwa sekta. Katika kilimo kiwango kilikuwa shilingi za Tanzania 140,000 kwa mwezi, na kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kilikuwa 60,000. Tofauti hiyo ni kubwa na inalalamikiwa, lakini kila mmoja anajua mahali pa kuanzia kudai.

Kenya hupanga viwango kwa kazi na kwa mahali. Amri ya Novemba 2024 iliongeza asilimia 6, na kibarua wa jumla jijini Nairobi akafikia shilingi za Kenya 16,113.75 kwa mwezi, ilhali kiwango cha miji midogo kiko chini zaidi. Mgawanyo huo unajibu sehemu ya hofu ya waajiri wa Uganda, kwani duka la mji mdogo halilazimiki kulipa sawa na kiwanda cha mji mkuu.

Haki zilizopo kwa sasa

Kutokuwapo kwa kima cha chini chenye maana hakumwachi mfanyakazi wa Uganda mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu kuanza, pamoja na maelezo ya mshahara na makato yake. Kanuni za mwaka 2011 zinampa kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo haki ya mkataba wa maandishi. Mwajiri anapaswa kuchangia asilimia 10 ya mshahara katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na mfanyakazi hukatwa asilimia 5. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, wajibu huo unawahusu waajiri wote bila kujali idadi ya wafanyakazi. Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Kwa anayekwenda kutafuta kazi Uganda, karatasi hizo zina uzito wa pekee. Katika nchi ambayo sheria inataja kiasi cha malipo, mfanyakazi aliyepunjwa anaweza kuonyesha amri ya serikali. Mahali ambapo kiasi hicho ni shilingi 6,000, ushahidi pekee alionao ni makubaliano yake mwenyewe, na makubaliano ya mdomo hukanushwa kwa urahisi siku ya malipo.