Unahama? Chambua Vitu Vyako Kwanza



Watu huuza nyumba kwa sababu nyingi. Wengine huwafuata watoto wao. Wengine hupata shamba mahali pengine. Wengine wamezeeka, na nyumba kubwa imewashinda kuitunza.

Siku ya kuhama ikifika, wengi hufanya haraka. Hupakia kila kitu kwenye gari: sufuria zilizotoboka, magunia ya zamani, madebe yenye kutu. Nauli inapanda bure. Wengine huacha kila kitu, kumbe hati ya shamba imo ndani ya sanduku bovu lililoachwa darini. Je, tufanyeje? Jibu ni kuchambua vitu mapema. Tuanze mwezi mmoja kabla ya kuhama, tusingoje siku ya mwisho.

KAENI KIKAO KWANZA

Nyumba si ya mtu mmoja. Baba, mama na watoto wakubwa wakae pamoja. Mzee wa nyumba asikilizwe. Kinu cha bibi kwako wewe ni kuni, lakini kwake yeye ni maisha yake yote. Usikitupe kabla ya kumwuliza.

Tukumbuke pia sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mume hawezi kuuza nyumba ya familia bila mkewe kukubali. Mke naye hali kadhalika. Kama ardhi ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji nayo lazima ikubali. Kama mwenye nyumba amefariki, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hata vitu vya marehemu vilivyomo ndani ni mirathi. Visiuzwe kwa siri.

TENGENI MAFUNGU MANNE

Toeni vitu nje, chumba kimoja kimoja. Vigawanyeni hivi:

Fungu la kwanza ni vitu vya kwenda navyo.
Fungu la pili ni vitu vya kuuza. Baiskeli mbovu, mabati ya zamani na majembe yaliyokwisha vina wanunuzi wa chuma chakavu.
Fungu la tatu ni vitu vya kumpa mtu. Nguo zilizowabana watoto wako zitamfaa mtoto wa jirani. Hapa weka pia vitu vya kuazima. Ngazi ya watu irudishwe kabla hujaondoka.
Fungu la nne ni vitu vya kutupa.

Usitupe kitu kabla ya kukikagua. Pekua mifuko ya makoti, ndani ya mito, chini ya godoro na ndani ya makopo. Wazee wetu walificha fedha na karatasi huko. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati, kadi za kliniki na risiti viwekwe pamoja katika mfuko mmoja usiopitisha maji. Mfuko huo usipakiwe garini. Ubebwe mkononi na mtu mzima.

VITU VYA HATARI

Vitu vingine havifai kuuzwa wala kupewa mtu.

Dawa za mimea na za kuogeshea mifugo zilizobaki zisimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Usizichome moto. Mwone bwana shamba au bibi shamba akuelekeze. Chupa au dumu lililokuwa na dawa hiyo lisitumike kamwe kuchotea maji au kuwekea mafuta ya kula. Watoto wanaweza kufa kwa sumu. Litoboe matundu, asije mtu akaliokota na kulitumia.

Vidonge vilivyopitwa na wakati vipelekwe zahanati. Betri za tochi zisitupwe motoni, maana huweza kulipuka.

Matairi na makopo yasiachwe uani. Mvua ikinyesha hujaa maji, na mbu huzaliana humo. Mbu anayeeneza homa ya dengue anapenda sana maji ya namna hiyo. Ukiyaacha, anayeugua ni aliyenunua nyumba yako na majirani zako.

USIHAME NA DUMUZI

Magunia nayo yaangaliwe. Dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi humwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini alionekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisha akasambaa mikoani, pamoja na mahindi yaliyosafirishwa. Mdudu huyu hula mahindi na makopa mpaka yakawa unga. Hujificha hata katika mbao za ghala.

Kwa hiyo gunia lenye unga na matundu lisiende nawe. Mahindi yaliyoharibika kabisa yachomwe moto. Magunia mazima yachemshwe, kisha yaanikwe juani mpaka yakauke. Mbao za kihenge cha zamani zilizotobolewa na mdudu huyo zisipelekwe kujengea kihenge kipya. Ukizipeleka, utaanza maisha mapya na adui wa zamani.

Vitanda pia vikaguliwe. Kama vina kunguni, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio, kisha vianike juani.

MNUNUZI AJUE ANACHONUNUA

Ugomvi mwingi huanza hapa. Mnunuzi aliona nyumba ina milango, madirisha na tangi la maji. Siku ya kuhamia anakuta matundu matupu. Muuzaji anasema, "Mimi niliuza nyumba, sikuuza milango." Basi, kesi imeanza.

Semeni mapema. Kinachobaki na kinachoondoka kiandikwe katika mapatano ya kuuziana, mbele ya mashahidi. Miti ya matunda na mazao yaliyomo shambani yaandikwe pia.

TUMIA DAFTARI LAKO

Msomaji, wewe unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo ikusaidie sasa. Andika kila kitu cha fungu la kwanza, kwa namba. Kila mzigo uandikwe namba yake. Ukifika, hesabu mizigo huku ukisoma orodha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine watasema, akiba haiozi, kwa nini nitupe? Ni kweli, akiba haiozi. Lakini gunia la dumuzi na dumu la sumu si akiba. Tubebe vya kutufaa. Uani tupafagie, na mwenzetu anayeingia akute nyumba safi.