Shetani wa Lilanga si Ibilisi

Mama mdogo aliingia chumbani kwangu, kwake Kiwalani, kuchukua ndoo, akatoka bila ndoo. "Mwanangu, hicho ulichobandika ukutani ni kitu gani?" Nikamjibu ni mchoro wa George Lilanga, mtindo wa shetani. Hapo ndipo nilipoharibu. Jina tu lilimtosha. Akasema nyumba yake inaombewa kila Alhamisi, kwa hiyo nichague: karatasi itoke, au nitoke nayo.

Karatasi yenyewe ni kopi niliyoitoa steshenari kutoka kitabu cha maktaba. Ina viumbe wanne. Au watano, maana ukihesabu vichwa unajikuta umehesabu goti. Masikio makubwa, matumbo yamevimba, midomo imeachama, mikono ina vidole viwili au vitatu. Mkono wa huyu unazama mgongoni mwa yule, unatokea upande wa pili ukiwa mguu wa mwingine. Wenzangu wa hosteli wanasema hiyo ni sanaa dhahania, kila mtu aone lake. Siwakubali, kama nisivyomkubali mama mdogo. Mchoro huu unasomeka, ila inabidi uanzie kwenye mti.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kusini, upande wa Masasi. Ni Mmakonde. Alianza kwa kuchonga mizizi ya mihogo, akaja miti laini, halafu mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar, na mjomba wake, msanii Augustino Malaba, akamtafutia kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi gani? Ulinzi wa usiku. Humo humo akajifunza batiki, uchoraji na uchapaji, na mwaka 1978 kazi za Nyumba ya Sanaa zilipoonyeshwa Washington, nyingi zilikuwa za yule mlinzi.

Mtindo hakuuanzisha yeye. Anayetajwa ni Samaki Likankoa, mchongaji wa hapa Dar, miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba sanamu ya mtu ilimvunjikia mkononi, na badala ya kuitupa akaiendeleza hivyo hivyo, ikawa kiumbe kisichojulikana. Iwe kweli au chumvi, ukiujua mpingo utaelewa. Ni mgumu, umejipinda, una matundu. Mchongaji haulazimishi, anaufuata: tundu linakuwa mdomo, fundo linakuwa tumbo. Na miili inaingiliana kwa sababu yote imetoka gogo moja.

Sasa Lilanga akachukua akili hiyo ya gogo akaihamishia kwenye karatasi, ambako hakuna gogo linalombana. Viumbe wake bado wanajikunja kana kwamba ukingo wa karatasi ni gome. Hakuna ardhi wala mbingu, nafasi yote imejaa miili.

Uchapaji ulimfaa sana. Kuna chapa ya jiwe, lithografia, iliyobuniwa na Mjerumani Alois Senefelder miaka ya 1790: unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha, wino unashika penye mafuta tu. Nyumba ya Sanaa Lilanga alichapa kwa njia nyingine, ya bati. Bati linapakwa nta, msanii anakwaruza mistari kwa sindano, asidi inakula palipokwaruzwa, wino unaingia kwenye mifereji, kisha karatasi mbichi inagandamizwa juu yake. Yaani bado ni kuchonga bana, ila patasi imekuwa sindano. Na kila nakala inayotoka ni kazi halisi ya msanii, si kama kopi yangu ya steshenari.

Wazungu wa Paris walioanzisha usurealisti mwaka 1924 nao walichora viumbe laini visivyo na mifupa. Mtazame Joan Miró. Lakini wao walivitafuta ndotoni, kila mtu na ndoto yake. Mashetani wa Kimakonde ni wa hadithi za wote. Ni viumbe wa porini, wengine wakorofi, wengine vichekesho, na kwa Lilanga wanafanya mambo yetu: wanakunywa, wanagombana, wanaugua. Ibilisi wa kwenye mahubiri hayumo.

Kinachoniuma ni hiki. Mwakani nitakuwa darasani, na mtoto ataniletea mtu mwenye vidole viwili. Mimi nilipofanya hivyo darasa la nne nilipigwa alama ya kosa, na sikuchora tena mpaka chuo.

Jioni nilimwita mama mdogo tena. Safari hii sikutaja jina la mtindo. Nikamwomba tu anisaidie kuhesabu vichwa. Akahesabu vinne, akarudia, akapata vitano. Akainama. "Huyu si anamnyang'anya mwenzake sahani?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akaguna, akachukua ndoo yake.

Karatasi imehamia nyuma ya mlango. Alhamisi naishusha.