Wizi wa Ng'ombe, Adhabu ya Ukoo Mzima

Mary Haydock, msichana wa Lancashire aliyelelewa na bibi yake, alikuwa na umri wa miaka 13 alipokutwa na farasi wa wizi. Alikuwa amevaa nguo za kiume na kujiita James Burrow, na kwa jina hilo akashtakiwa. Alihukumiwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Oktoba 1792 meli ya Royal Admiral ikamshusha Sydney, koloni la wafungwa ambalo Waingereza walikuwa wamelianzisha miaka minne tu kabla ya hapo.

Enzi hizo Uingereza ililima kwa farasi, ikasafirisha mizigo kwa farasi na kupigana vita juu ya farasi, na sheria ilimlinda mnyama huyo kwa kitanzi. Hadi 1832 mwizi wa farasi aliweza kunyongwa. Wengi walioepuka kamba walibadilishiwa hukumu na kutupwa mbali: zamani Marekani, na Marekani ilipojitenga, Australia. Kati ya 1788 na 1868 wafungwa wapatao 162,000 walivushwa bahari kwenda huko. Wengi wao hawakuwa wauaji. Walikuwa wameiba kondoo, nguo, saa, farasi.

Ilikuwa adhabu katili. Hata hivyo ilimtaja mkosaji kwa jina, na ilimwambia atakaa miaka mingapi. Mary aliolewa na Thomas Reibey, akaingia naye katika biashara ya meli, na mumewe alipofariki 1811 akaiendesha mwenyewe hadi akawa miongoni mwa matajiri wa Sydney. Leo sura yake imo kwenye noti ya dola 20 ya Australia.

Zaidi ya miaka 140 baada ya Mary kushuka Sydney, serikali hiyo hiyo ya Uingereza ilitoa adhabu ya kuhamishwa katika milima ya Kericho, Kenya. Safari hii mali iliyoibwa ilikuwa ng'ombe, na walioadhibiwa walikuwa ukoo mzima.

Kabla ya ukoloni, kijana wa Kipsigis, jamii ya Kericho, aliyerudi na ng'ombe wa kabila la jirani alipokewa kwa shangwe. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye maziwa ya watoto, ndiye jina la mtu mbele ya rika lake. Kumwibia mtu wa kwenu ilikuwa aibu. Kumnyang'anya adui ilikuwa sifa. Lakini vijana hawakutoka ovyo. Walihitaji kwanza baraka za orkoiyot, kiongozi wa kiroho kutoka ukoo wa Talai, naye alipewa fungu lake katika mifugo iliyoletwa. Kwa hiyo maofisa wa kikoloni waliposema kwamba Watalai walikuwa na mkono katika uporaji wa mifugo, hawakutunga kila kitu. Walichokificha ni upande wa pili wa habari.

Upande huo ni ardhi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, majirani wa Wakipsigis waliokuwa wakipinga kuingia kwa Waingereza, alikwenda kuonana na Kapteni Richard Meinertzhagen wa jeshi la Waingereza akiamini wanakwenda kuzungumza amani. Alipigwa risasi na kuuawa hapo hapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani. Walijaribu kulima kitani wakashindwa, na katika miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia. Malisho ya Wakipsigis yakapungua mwaka hadi mwaka, huku ng'ombe wa walowezi wakinenepa ng'ambo ya mpaka uliochorwa juzi. Vijana walivuka usiku na kuwachukua. Kwa macho ya wazee wengi, huyo mlowezi alikuwa adui kama adui mwingine yeyote, tena huyu alikuwa ameanza yeye kuchukua.

Serikali ilijibu kwa sheria. Ile ya wizi wa mifugo ya 1913 ilimtoza mwizi faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama, na mwizi asipopatikana, jamaa na majirani walilipa. Mwaka uliofuata Kipchomber arap Koilegen, orkoiyot mkuu wa Wakipsigis na nduguye Koitalel, alikamatwa pamoja na ndugu zake wengine na kuhamishiwa mbali na watu wao. Wizi haukukoma. Mashahidi walikuwa adimu, nyayo za ng'ombe zilipotelea mtoni, na kesi nyingi zilikufa kabla ya kufika kwa hakimu.

Ndipo 1934 ikapitishwa Sheria ya Kuwahamisha Malaiboni. Jina la laiboni walilichukua kwa Wamaasai, wakawabandika Watalai. Kwa nguvu ya sheria hiyo watu wapatao 700, wanaume, wanawake, wazee na watoto wa mgongoni, waliondolewa Kericho katika muda wa miaka michache na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Hakuna aliyeulizwa mmoja mmoja ameiba ng'ombe gani, wa nani, lini. Ilitosha kuzaliwa Talai. Wala hapakuwa na idadi ya miaka.

Gwassi palikuwa na joto, mbu na mbung'o. Watu waliozoea baridi ya milimani walipatwa na malaria, na ng'ombe waliokwenda nao wakafa kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mtu anayetaka kuelewa uzito wa adhabu hii asisahau jambo hilo: jamii iliyoshtakiwa kwa kupenda ng'ombe kupita kiasi ilipelekwa mahali ambapo ng'ombe hawaishi.

Kwa Wanandi mambo yalikuwa kama hayo. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa Oktoba 1923 wakati Wanandi wakijiandaa kwa sherehe kubwa ya rika moja kulikabidhi jingine madaraka, ambayo serikali iliihofia kuwa ni maandalizi ya uasi. Alitoka kizuizini 1964, Kenya ikiwa tayari imepata uhuru. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mfungwa wa kisiasa aliyekaa muda mrefu kuliko wote nchini humo.

Waingereza waliendelea kuitumia njia hii hadi siku zao za mwisho Afrika, hata pale ambapo hapakuwa na mnyama aliyeibwa. Machi 1959, katika Rhodesia Kaskazini, walikipiga marufuku chama cha Zambia African National Congress, kilichokuwa na nguvu kubwa Luapula, eneo la Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru. Viongozi walitawanywa katika wilaya za mbali ili wasiweze kusikika. Kenneth Kaunda alipelekwa Kabompo, kaskazini-magharibi. Miaka mitano baadaye alikuwa rais wa Zambia huru.

Watalai waliruhusiwa kurudi Kericho mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walikuta mashamba yao yana wenyewe, mengi yakiwa chini ya chai, na familia nyingi zimeishi hadi leo kama maskwota pembezoni mwa ardhi ya babu zao. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu suala hilo, na Agosti 2022 wawakilishi wa jamii hizo wakafungua shauri katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Wanadai kuombwa radhi na kulipwa fidia kwa ardhi waliyonyang'anywa na kwa miaka waliyoipoteza Gwassi.