Mishumaa ya rangi rangi: Ipike mwenyewe, lakini iwake!

ZAMANI ukimwona mtu anarudi nyumbani na pakiti ya mishumaa, ulijua moja kwa moja kwamba mtaani kwao giza limetanda. Mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa na TANESCO ikatangaza mgawo wa umeme, mshumaa ulikuwa kitu cha lazima kama chumvi. Mweupe, mwembamba, unauwasha, unaubandika juu ya kifuniko cha kopo, basi. Nani alikuwa na habari ya urembo?

Siku hizi mambo yamegeuka. Umeme upo, halafu mtu anazima taa kwa hiari yake ili awashe mshumaa! Nenda kwenye harusi, meza ya maharusi ina mishumaa. Nenda kwenye bethidei, kipaimara au saluni za kina dada wanaojua mambo, utaikuta. Na ule mweupe wa dukani hapo hauna nafasi. Watu wanataka wenye matabaka ya rangi, wenye mabaka, wenye matundu kama jibini, ule ambao mgeni akiingia sebuleni anauliza hata kabla hajakaa, "Shoga, huu umeutoa wapi?"

Jibu lenye raha ni hili: "Nimeupika mwenyewe." Na inawezekana kabisa, kwa sufuria mbili na jiko ulilonalo. Ila kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Mshumaa si ua la plastiki. Umetengenezwa ili uwake. Unaweza kuupamba ukang'aa kama upinde wa mvua, lakini ukiuwasha ukazimika baada ya dakika tano, au ukafuka moshi mpaka dari likawa jeusi, hapo hujatengeneza mshumaa, umetengeneza sanamu. Kwa hiyo kila mtindo tutakaoutaja leo tutaupima kwa swali moja tu: Utawaka?

JIKONI KWANZA

Nta inayotumika zaidi ni ya parafini. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto kati ya 50 na 65 hivi, kutegemea aina. Ukiipeleka mpaka karibu na nyuzi 200, mvuke wake unaweza kushika moto ukikutana na mwali. Ndiyo maana nta haiwekwi moja kwa moja juu ya moto. Chukua sufuria kubwa, weka maji, halafu ndani yake weka kopo au sufuria ndogo yenye nta. Maji yakichemka hayazidi nyuzi 100, kwa hiyo nta yako nayo haiwezi kupita hapo. Kazi inakwenda taratibu, lakini nyumba inabaki imesimama.

Ikitokea nta ikashika moto, tafadhali usimwagie maji! Maji yakikutana na nta ya moto hugeuka mvuke kwa kishindo na kuirusha huku na huku ikiwa inawaka. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, usiiguse mpaka ipoe. Watoto wakae mbali, na kitenge kisining'inie. Na nta iliyobaki usiimwage kwenye sinki, itaganda ndani ya bomba na utamtafuta fundi.

Wengine wana tabia ya kuongeza mafuta ya taa eti mshumaa uwake vizuri. Achana na hiyo kitu. Mafuta ya taa hutoa mvuke unaoshika moto haraka, na jikoni hapo hapo kuna moto.

SIRI YA RANGI

Hapa ndipo pesa za wengi zinapopotea. Mtu anakwenda dukani ananunua rangi ya kuwekea keki, anaimimina kwenye nta, anakoroga mpaka mkono unauma. Wapi! Rangi ile imechanganywa na maji, na nta ni ndugu yake mafuta. Maji na mafuta havijawahi kuelewana. Rangi itajikusanya chini kama shanga, nta itabaki nyeupe vile vile.

Mwingine anachukua kalamu za nta za watoto wa chekechea. Hizo zinaonekana kukubali, na mshumaa unatoka na rangi kali ya kuvutia. Lakini rangi yake haijayeyuka, ni vumbi laini sana linaloelea kama majani ya chai. Mshumaa ukiwaka, utambi hunyonya nta iliyoyeyuka, na lile vumbi linapanda nalo na kuziba njia. Mwali unafifia, unasinzia, kwisha kazi. Ukitaka kutumia kalamu hizo, pakaa kwa nje tu, kama koti jembamba.

Rangi sahihi ni ile inayoyeyuka kwenye mafuta, inayouzwa kwa ajili ya mishumaa. Waulize wauzaji wa malighafi za sabuni na mishumaa, wanaijua. Anza na kidogo sana, kiasi cha ncha ya kisu. Nta ya moto huonekana nzito wa rangi kuliko itakavyokuwa ikipoa, kwa hiyo dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, lisubiri ligande, hapo ndipo utaona rangi halisi.

Wala huna haja ya kununua rangi kumi. Nyekundu, njano na bluu zinatosha. Nyekundu na njano hutoa rangi ya chungwa. Njano na bluu hutoa kijani. Nyekundu na bluu hutoa zambarau. Ila ukizichanganya zote tatu kwa pupa utapata rangi ya tope, na tope halina mnunuzi.

MITINDO MINNE

Kwa umbo la kumiminia, boksi la juisi au la maziwa linafaa sana. Ukimaliza unalichana na mshumaa unatoka. Vikombe vyepesi vya plastiki viache, vitalegea kwa joto. Utambi uwe wa pamba, tena uliosukwa. Uzi wa nailoni hauwaki kama utambi, unayeyuka tu.

Matabaka. Huu ndio mtindo wa kuanzia. Simamisha utambi katikati, mimina rangi ya kwanza, kisha subiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo penye ufundi wote. Ukimimina rangi ya pili mapema mno, zitaingiliana na kuharibika. Ukichelewa mpaka ya kwanza imepoa kabisa, hazitashikana, na siku moja mshumaa utaachana vipande viwili mezani. Gusa juu kwa kidole. Ikiwa utando umeganda lakini bado ni vuguvugu na unabonyea kama mpira, wakati ndio huo. Nta unayomimina iwe kwenye nyuzi kama 70 hadi 75. Kama huna kipimajoto, ondoa kopo jikoni, subiri uone nta inaanza kuweka utando mwembamba pembeni. Ukitaka kuwashangaza watu, egemeza boksi upande kwa kila tabaka, rangi zitatoka mshazari.

Vipande. Mimina nta za rangi mbalimbali kwenye sinia, zikiwa bado laini zikate kama kashata. Zikipoa, zijaze ndani ya boksi kuzunguka utambi, halafu mimina nta nyeupe isiyo ya moto sana. Ikiwa ya moto mno, vipande vitayeyuka na kuchuja rangi. Mtindo huu ni mkombozi wa mabaki, kwani vile vibutu vya mishumaa ya zamani vinapata kazi mpya.

Matundu. Huu ndio unaochekesha, maana unatumia barafu! Weka mshumaa mweupe wa dukani katikati ya boksi, zungusha vipande vya barafu, mimina nta ya rangi. Nta inaganda kuzunguka barafu, barafu inayeyuka, na matundu yanabaki. Mshumaa wa katikati ni wa lazima, kwa sababu ndio unaolinda utambi usilowe. Mwaga maji yote, acha ukauke siku nzima au zaidi. Ukiwasha ukiwa na unyevu utatatarika na kurusha nta.

Kuchovya na kuchonga. Chukua mshumaa mweupe, uchovye kwenye nta nyekundu, utoe, upoe kidogo, uchovye tena. Rudia mara kadhaa, kisha hamia njano, halafu bluu. Ukiwa bado laini, chonga kwa kisu kikali kuanzia nje, na kila mkato utafichua rangi zilizojificha chini. Huu unataka mkono mwepesi, maana ukishaganda unapasuka.

Kwa mitindo yote ya kumimina, kumbuka kwamba nta ikipoa hunywea, na shimo hutokea karibu na utambi. Toboa kwa waya, jaza tena. Ukipuuza, ndani kunabaki uwazi na mwali utazama humo.

WENZETU WA ESWATINI

Kama unadhani haya ni michezo ya kupoteza muda, tazama kusini. Huko Malkerns, katika nchi ambayo mpaka mwaka 2018 tuliiita Swaziland, kuna karakana ya Swazi Candles iliyoanza miaka ya 1980. Mishumaa yao ya rangi, mingine yenye umbo la tembo na wanyama wengine, imekuwa kivutio cha watalii na inauzwa nje ya nchi.

Mtindo wao unaitwa millefiori, neno la Kiitaliano lenye maana ya maua elfu, na asili yake ni kazi za vioo. Wanapanga nta ngumu za rangi mpaka zinakuwa kama gogo lenye ua ndani yake, kisha wanakata vipande vyembamba, kila kipande kinatoka na ua lile lile. Vipande hivyo hubandikwa kuzunguka nta ya kawaida na kufinyangwa kwa mikono.

Sasa sikiliza akili ilivyotumika. Nta ya nje ni ngumu kuyeyuka kuliko ya ndani. Mshumaa unapowaka, ya ndani inateketea lakini ganda lenye maua linabaki limesimama, na mwanga unapenya humo kama taa ya kioo. Urembo wao haupigani na moto, unausubiri.

KABLA HUJAUZA

Kilo moja ya nta ni mishumaa 10 ya gramu 100, toa kidogo inayobaki kwenye sufuria. Kwa hiyo hesabu bei ya nta, utambi, rangi, mkaa au gesi na muda wako, gawanya kwa idadi ya mishumaa, ndipo uweke bei. Usibuni bei kwa kumtazama mteja usoni.

Halafu, kwa kila mtindo mpya, mshumaa wa kwanza si wa kuuza. Ni wa kuwasha. Keti nao mpaka uishe. Mwali ukiwa mdogo na kuchimba shimo katikati, utambi ni mwembamba au mshumaa ni mnene mno. Ukitoa moshi mweusi, utambi ni mnene au mrefu, ukate ubaki nusu sentimeta hivi. Ukiona rangi zimeanza kuhamiana baada ya wiki kadhaa, pengine uliiweka juani au penye joto, na kwa joto letu la Pwani hata kupinda unapinda.

Inauma kuteketeza kitu ulichokihangaikia tangu asubuhi, najua. Lakini mteja akienda kuuwasha mbele ya wageni wake ukazimika, harudi, na shoga zake nao hawaji. Mwambie pia asiuwashe karibu na pazia wala chandarua, na asilale akiuacha unawaka.

Haya, sufuria hizo hapo, vibutu vya mishumaa najua unavyo kwenye droo. Anza na matabaka mawili tu. Ukiuwasha ukawaka mpaka chini bila kulalamika, karibu kwenye biashara.