Gari dogo, barabara ya malori: Mfanyabiashara ahakikishe anaonekana

NI saa 10 alfajiri, Chalinze. Taa za vituo vya mafuta zinawaka, wauza chai na mayai ya kuchemsha wako macho, na malori yaliyolala kando ya barabara yameanza kunguruma. Katikati yake yanapita magari madogo: Vitz, Starlet, IST, Passo. Viti vya nyuma vimelazwa, na mahali pa abiria pamejaa makreti ya nyanya, trei za mayai, viroba vya pilipili hoho na mafungu ya mchicha. Wenye magari hayo wanawahi masoko ya Dar es Salaam, Ilala, Mabibo au Temeke, kabla jua halijapanda na bei haijashuka.

Mfanyabiashara mdogo asiye na gari hupakia mzigo wake kwenye Fuso la mtu mwingine, akalipia kila tenga na kusubiri lijae. Aliyefanikiwa kununua gari dogo lililotumika kutoka Japani ameondokana na adha hiyo. Anaondoka saa anayotaka na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini pamoja na gari amechukua kazi iliyokuwa ya dereva wa Fuso, yaani kuishi barabarani na malori makubwa, na anaifanya akiwa ndani ya chombo chepesi kuliko karibu vyote vyenye magurudumu manne.

Hesabu yenyewe inatosha kumwamsha mtu. Vitz ya toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa 1999, ina urefu wa mita 3.6 hivi, kimo cha mita 1.5 na uzito usiofika tani moja ikiwa tupu. Lori lenye trela linaruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Wengi wenye magari madogo wanalijua hilo, ndiyo maana humwogopa mkubwa anayekuja mbele yao. Linalosahaulika ni lori lililo pembeni au nyuma, ambalo dereva wake hana habari kama kuna gari dogo hapo.

Dereva wa lori haoni kila kitu

Dereva wa lori anakaa juu, na watu wengi hudhani kwa kuwa yuko juu anaona kila kitu. Anaona mbali, ni kweli. Karibu haoni. Gari lenye kimo cha mita 1.5 likisimama mbele kabisa ya kichwa cha lori hupotea chini ya kioo. Kwenye foleni ya Mbezi au Ubungo utawaona wenye magari madogo wakichomeka katika upenyo mdogo mbele ya lori lililosimama. Foleni ikisogea, lori linaondoka na kulisukuma gari dogo kama mtu anavyosukuma kopo kwa mguu, na dereva wa lori hushtuka pale watu wanapopiga kelele.

Mahali pa pili asipoona ni nyuma ya trela, na pa tatu ni ubavuni, hasa ubavu wa kushoto kwa lori lenye usukani kulia. Hapa kuna mtego unaojirudia kwenye njia panda. Lori refu linalotaka kukata kona ya kushoto huanza kwa kujitanua kulia ili magurudumu ya trela yasipande ukingo wa barabara. Mwenye gari dogo anaona nafasi imefunguka upande wa kushoto, anaingia. Sekunde chache baadaye trela linarudi kushoto na kumbana. Indiketa ya kushoto ya lori ikiwaka, nafasi hiyo haina mwenyewe mwingine, ni ya trela.

Kuna jambo jingine kwa wanaotumia barabara za kutoka bandarini. Congo, Rwanda na Burundi huendesha magari upande wa kulia wa barabara, na baadhi ya malori ya kutoka nchi hizo yana usukani upande wa kushoto. Kwa lori la namna hiyo mambo hugeuka: ubavu wa kulia, ambako wewe unapita unapoliovateki, ndiko dereva wake asikoona vizuri. Tena akitaka kulipita gari lililo mbele yake, inambidi akitoe kichwa cha lori nje ya mstari ndipo aone kinachokuja. Kabla ya kumpita, tazama usukani uko wapi.

Kanuni inayofaa kwa malori yote ni nyepesi: usipoiona sura ya dereva katika kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Basi usikae hapo. Ama umpite moja kwa moja na kumaliza, ama urudi nyuma. Kosa la wengi katika barabara ya njia nyingi, kama ile ya Kimara hadi Kibaha, ni kutembea sambamba na trela kwa kilometa nzima huku mtu akisikiliza redio.

Nyuma ya lori, acha nafasi ya sekunde 2 angalau. Lori likipita nguzo au mti, anza kusema polepole "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiufikia mti huo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha iwe sekunde 4. Ni kweli kwamba ukiacha nafasi hiyo daladala litaingia. Liache liingie, kisha punguza mwendo tena. Boneti ya gari dogo iko chini kuliko kitako cha trela, na gari likiingia uvunguni, sehemu zilizotengenezwa kubonyea ili kumkinga dereva hazifanyi kazi, kwa sababu kinachogongwa kwanza ni kioo na paa.

Mzigo unavyolipofusha gari

Hapa ndipo gari la mfanyabiashara linapotofautiana na gari la mtu anayekwenda ofisini. Makreti yakipangwa hadi darini, kioo cha ndani cha kutazamia nyuma hakina kazi tena. Vinabaki vioo vya pembeni, na wengi wameviweka vibaya: nusu ya kioo inaonyesha mlango wa gari lao wenyewe.

Namna ya kuvirekebisha haina gharama. Gari likiwa limesimama, egemeza kichwa kwenye dirisha la kulia, kisha zungusha kioo cha kulia nje mpaka ubavu wa gari lako uonekane kwa mbali tu pembeni. Halafu inamisha kichwa hadi katikati ya gari na ufanye vivyo hivyo kwa kioo cha kushoto. Ukikaa sawa utaona kwamba gari lako limetoweka kwenye vioo, na mahali pake pameingia njia ya jirani, ambako bodaboda hupenda kujificha. Siku ya kwanza inasumbua. Siku ya tatu hutaki kurudi kwenye mpangilio wa zamani.

Uzito wa nyuma nao unafanya jambo ambalo dereva halioni mwenyewe. Kitako cha gari kikishuka, pua inainuka na taa za mbele zinatazama juu. Matokeo yake ni hasara mara mbili: wanaokuja mbele wanaumizwa macho hata ukiwa umeweka dimu, na wewe unaangaza matawi ya miti badala ya lami. Magari mengi ya Japani yana kidude kidogo cha kuzungusha karibu na usukani, chenye alama ya taa na namba kuanzia 0. Kazi yake ni kushusha taa gari linapobeba mzigo. Mtu anaweza kumiliki gari miaka mitano bila kukigusa. Panga pia vitu vizito chini, nyuma tu ya viti vya mbele, na vyepesi juu na mwishoni. Vifungwe kwa kamba. Kreti la kilo 40 lisilofungwa huja na mwendo wote wa gari siku breki inapokamatwa ghafla, na kilicho mbele yake ni shingo ya dereva.

Mlango wa nyuma ukifungwa nusu kwa kamba kwa sababu mzigo umezidi, taa ya breki ya juu inainuka na mlango, inatazama mawingu. Viroba vinavyoning'inia vinafunika taa za chini. Gari la namna hiyo usiku ni kivuli tu. Hata lisilozidisha mzigo, likitoka kwenye barabara ya vumbi au tope ya shambani, linaingia lami likiwa na taa zilizofunikwa. Dakika moja ya kusimama na kitambaa chenye maji inatosha.

Mboga mbichi nazo zina visa vyake. Mchicha, kabichi na nyanya zilizonyunyiziwa maji hutoa unyevu, na alfajiri ya baridi vioo vyote hupata ukungu kwa ndani. Wengi huzima kiyoyozi ili kuokoa mafuta, na hapo ndipo wanapoanza kufuta kioo kwa kiganja huku wakiendesha. Kiyoyozi hukausha hewa. Mafuta yanayookolewa kwa kukizima katika hali hiyo hayalingani na hatari yake.

Taa na lugha ya barabarani

Taa ya dimu huangaza umbali wa mita 40 hadi 60 hivi. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde, na kusimama kabisa huhitaji zaidi ya mita 50 kwenye lami kavu. Maana yake mwenye dimu na mwendo huo anaweza kukiona kitu akiwa ameshachelewa. Kama kioo cha taa kimegeuka njano, kama ilivyo kwa magari mengi ya umri huo, umbali huo unapungua zaidi. Fundi anaweza kukisugua. Dawa ya meno husaidia kwa wiki chache tu. Wengine hutatua tatizo kwa kununua balbu nyeupe kali za LED na kuzichomeka katika taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida. Mwanga unatawanyika hovyo, anayekuja mbele anapofuka, naye ndiye unayemtegemea asikugonge.

Kuwasha taa mchana kunaonekana kwa wengi kama kusahau, na watu wema watakupungia mkono uzime. Uswidi ililazimisha magari yote kuwasha taa mchana tangu 1977, na Umoja wa Ulaya ulizitaka aina mpya za magari kuwa na taa za mchana kuanzia Februari 2011. Kwa gari dogo la rangi ya fedha au kijivu, ambalo huchanganyika na lami yenye mvuke, faida ni kubwa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walionyesha katika kazi yao ya 2007 kwamba mchana magari meusi, ya kijivu na ya fedha yalikuwa na hatari ya ajali iliyozidi ya magari meupe kwa kiasi cha asilimia 10 hivi. Hakuna haja ya kupaka gari rangi upya. Taa inatosha.

Ipo pia lugha ya indiketa. Dereva wa lori akiwasha ya kulia humwambia wa nyuma asipite, akiwasha ya kushoto humruhusu. Ni ukarimu wa siku nyingi, lakini indiketa ya kulia inaweza pia kumaanisha anakata kulia, na ile ya kushoto kwamba anataka tu kuegesha. Ichukue kama fununu, macho yako ndiyo yaamue. Na hazadi si taa ya "naenda moja kwa moja", wala si taa ya mvua. Ikiwaka, indiketa zako zimekufa.

Kupita lori lenye trela kuna hesabu yake. Lori likienda kilometa 60 na wewe 80, utahitaji sekunde 12 hivi kulimaliza na kurudi njia yako kwa usalama. Katika muda huo unakula mita 260 na zaidi, na anayekuja mbele kwa 80 anakula nyingine 260. Inatakiwa zaidi ya nusu kilometa iliyo wazi, na gari la cc 1000 lenye kreti kumi nyuma halina nguvu ya kusahihisha kosa katikati. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, taa zinazokuja mbele saa 9 usiku zinaweza kuwa za basi lenye mwendo.

Gari likiharibika

Litoe nje ya lami kabisa, hata kama tairi litaharibika zaidi. Weka pembetatu za kuakisi mwanga hatua 100 nyuma, na kama kuna kona au kilima, ziwekwe kabla yake. Matawi ya miti yaliyozoeleka hayaakisi mwanga, na wengi huyaacha barabarani wakishaondoka yakawa kikwazo kwa wengine. Kisha watu wote watoke na wasimame mbali na gari, si nyuma yake wakilinda mzigo.

Linabaki suala la bima. Stika ya lazima, ile ya mtu wa tatu, hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Gari lako na nyanya zako hazimo. Bima kubwa hulipa gari, lakini mzigo kwa kawaida unahitaji bima yake, na gari lililokatiwa bima kama la matumizi binafsi huku likibeba biashara kila siku linaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa madai. Swali hilo liulizwe kwa wakala kabla ya kulipa, na jibu liandikwe.